INI, SUMUKUVU NA MSAADA WA MIMEA
Somo kwa Vikundi vya Kujisomea vya Vyama vya Msingi

Madhumuni ya somo hili ni kuwawezesha wanachama, wajumbe wa kamati na watumishi wa vyama kuelewa mambo matatu. Kwanza, namna ini linavyopambana na sumu iingiayo mwilini pamoja na chakula na hewa. Pili, msaada ambao vitu vitokavyo katika mimea huweza kulipa ini katika kazi hiyo, na mpaka wa msaada huo. Tatu, wajibu wa chama wa kuizuia sumu kabla haijafika katika chungu. Yafaa somo lisomwe kwa sauti, sehemu moja moja, na maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe kabla ya msimu wa mavuno.

Sababu ya kuletwa kwa somo hili

Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu ya mahindi na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 msiba wa namna hiyo ulitokea katika mikoa ya Dodoma na Manyara hapa Tanzania, ambako watu 68 waliugua na 20 wakafa. Watu hao hawakula kitu cha ajabu. Walikula ugali wa mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa yakiwa na unyevu, yakashikwa na ukungu. Sumu iliyowaua huitwa aflatoksini, nayo ni mojawapo ya sumu zitokanazo na ukungu ambazo siku hizi zajulikana kwa jina la sumukuvu.

Sumu hiyo ilijulikana kwa mara ya kwanza mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa nchini Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Tangu hapo imethibitishwa kuwa kiungo kinachodhurika kwanza ni ini. Akila nyingi kwa mara moja, mtu huingiwa na manjano machoni, tumbo hujaa, na aweza kufa katika siku chache. Akila kidogo kidogo kwa miaka mingi, haoni kitu, ila ini lake hujeruhiwa polepole na hatimaye laweza kupata saratani. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa sumu hii kibaba hujazwa bila mwenyewe kusikia maumivu.

Kazi ya ini

Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, nalo limekaa upande wa kulia chini ya mbavu. Damu itokayo tumboni na katika utumbo, ikiwa imebeba chakula kilichosagika, haiendi moja kwa moja mwilini. Hupitia kwanza katika ini. Kwa hiyo ini lafanana na karani wa mizani katika ghala la chama: kila kiingiacho hupita mbele yake, naye hukipima, hukipanga na kukikataa kisichofaa.

Sumu nyingi hazikubali kuyeyuka katika maji, hivyo haziwezi kutolewa kwa mkojo zilivyo. Ini huzishughulikia kwa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza huibadili sumu kwa kuiongezea oksijeni, ili ipate mahali pa kushikika. Katika hatua ya pili huifunga sumu hiyo pamoja na kitu kingine kinachoyeyuka katika maji, kisha huitoa kwa mkojo au kwa nyongo. Kitu kimoja kikubwa kinachotumika katika ufungaji huo huitwa glutathioni, nacho hutengenezwa na mwili wenyewe kutokana na protini iliyoliwa.

Hatari imo katikati ya hatua hizo mbili. Aflatoksini ikisha kupita hatua ya kwanza hugeuka kuwa kali kuliko ilivyoingia. Ikiwa glutathioni iko tayari, hufungwa na kutolewa. Ikiwa haiko, au sumu ni nyingi kuliko mfungaji, ile sumu iliyogeuka hujishikiza kwenye DNA, yaani maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya seli za ini. Maagizo yakiharibika na seli ikaendelea kuzaana, hapo ndipo mbegu ya saratani inapopandwa.

Pamoja na hayo, kazi yote ya kupambana na sumu huzaa vipande vya oksijeni visivyotulia, ambavyo hunyakua sehemu ya kila kitu vinachokigusa. Madhara yake hufanana na kutu inavyolila bati la paa. Vitu vinavyotuliza vipande hivyo huitwa antioksidanti. Mwili hutengeneza vyake, na glutathioni ni mojawapo. Vingine hutoka katika mimea: majani ya kijani, matunda, mboga za jamii ya kabichi, manjano, chai na vinginevyo.

Mtu mwenye njaa ya protini, na mtu anywaye pombe kupita kiasi, huwa na akiba ndogo ya glutathioni. Kwa hiyo maharage na dagaa ni sehemu ya ulinzi wa ini, sawa na mboga za majani.

Yaliyojaribiwa Qidong

Mahali ambapo jambo hili limepimwa kwa muda mrefu kwa watu wenyewe ni Qidong, wilaya ya wakulima iliyo karibu na mlango wa mto Yangtze nchini China. Zamani wakazi wake walitegemea mahindi, na hali ya hewa ya huko ni ya joto na unyevu. Saratani ya ini iliwaua wengi, hata watu walio katika umri wa kufanya kazi.

Jaribio la kwanza lilifanyika mwaka 1997. Watu wazima 180 wenye afya waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa kidonge cha klorofilini, kitu kitengenezwacho kutokana na rangi ya kijani ya majani, miligramu 100 mara tatu kwa siku pamoja na chakula, kwa muda wa miezi minne. Kundi la pili lilipewa kidonge kisicho na dawa. Katika mkojo wa kundi la kwanza, alama ya aflatoksini iliyojishikiza kwenye DNA ilikuwa pungufu kwa asilimia 55. Yaelekea klorofilini huikamata sumu ikiwa bado tumboni, isiingie katika damu.

Jaribio lingine, lililofanyika mwaka 2003, lilitumia kinywaji cha machipukizi ya brokoli, mboga ya jamii ya kabichi. Machipukizi hayo yana kitu ambacho kikitafunwa au kusagwa hugeuka kuwa sulforafani. Sulforafani huamsha ndani ya seli ufunguo unaoliamuru ini kutengeneza zaidi vifaa vyake vya hatua ya pili. Watu 200 walishiriki kwa majuma mawili. Hapa matokeo hayakuwa mepesi. Kwa jumla, tofauti kati ya waliokunywa kinywaji hicho na wasiokunywa haikuwa kubwa ya kutosha kuaminika. Ila miongoni mwa waliokunywa, wale ambao miili yao ilifyonza sulforafani nyingi walikuwa na alama chache za sumu. Miili hufyonza kwa viwango vinavyotofautiana sana, na hilo ni fundisho lenyewe.

Jaribio la tatu lilihusu uchafu wa hewa. Watu 291 wa huko huko walihusishwa kwa majuma 12, na matokeo yakatangazwa mwaka 2014. Waliokunywa kinywaji cha machipukizi ya brokoli waliitoa kwa mkojo benzini, sumu iliyomo katika moshi wa magari na wa viwanda, kwa asilimia 61 zaidi ya wenzao. Sumu nyingine ya moshi iitwayo akrolini waliitoa kwa asilimia 23 zaidi.

Kwa hiyo si uzushi kusema kwamba mimea hulisaidia ini. Msaada upo na umepimwa. Lakini yapo mambo mengine mawili kuhusu Qidong ambayo hapana budi msomaji ayajue.

La kwanza ni kwamba katika miaka ya 1980, biashara ya chakula ilipofunguliwa, wakazi wa Qidong waliacha kutegemea mahindi wakaanza kula mchele, ambao haushikwi sana na sumu hii. Mwaka 1989 alama ya aflatoksini katika damu ilikuwa jambo la kawaida. Kufikia mwaka 2009, kwa zaidi ya nusu ya waliopimwa haikuonekana kabisa. Vifo vya saratani ya ini vilipungua kwa karibu nusu, navyo vilianza kupungua kwa watu wazima ambao hawakuwahi kuchanjwa utotoni. Kupungua huko hakukuletwa na kidonge wala kinywaji. Kuliletwa na chakula kisicho na sumu.

La pili ni homa ya ini ya aina ya B. Uchunguzi uliofanywa Shanghai, jirani na Qidong, ulionyesha kwamba aliyekula aflatoksini peke yake alikuwa katika hatari ya saratani ya ini zaidi ya mara 3 kuliko mwenzake. Mwenye virusi vya homa ya ini ya B peke yake, mara 7. Na mwenye vyote viwili, karibu mara 60. Ndiyo sababu mzazi asikose kumpeleka mtoto kupata chanjo zote katika kliniki.

Mpaka wa msaada wa mimea

Kutokana na majaribio hayo wapo wanaokimbilia kuuza unga, mizizi na chupa za dawa kwa madai ya kusafisha ini. Wanachama wapime madai hayo kwa mambo manne.

1. Kidonge si sawa na chakula. Nchini Finland wavutaji sigara 29,133 walishiriki katika jaribio ambamo baadhi yao walipewa vidonge vya betakarotini, antioksidanti iliyomo katika karoti na maboga. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994, waliopewa vidonge hivyo walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Kitu kilicho chema ndani ya boga si lazima kiwe chema kikitolewa peke yake na kumezwa kwa wingi.

2. Mmea wenye sifa haufai kwa kila ugonjwa. Ipo mbaruti ya nchi za Mediterania ambayo mbegu zake hutoa dawa iitwayo silimarini. Sehemu yake moja hutumika katika hospitali za Ulaya kwa walioliwa ini na uyoga wenye sumu. Lakini katika jaribio lililotangazwa mwaka 2012, wagonjwa 154 wa homa ya ini ya aina ya C walipewa silimarini au kidonge kisicho na dawa, na silimarini haikuonyesha nafuu kuliko kidonge kitupu.

3. Mimea mingine huliumiza ini. Kuwa kitu ni cha asili si ushahidi kwamba ni salama, kwani hata ukungu wenye sumukuvu ni wa asili. Mwenye dalili za ugonjwa wa ini aende hospitali, na amweleze mganga kila dawa ya miti anayotumia.

4. Yaliyopimwa Qidong ni machipukizi ya brokoli yaliyotayarishwa kwa kipimo. Sukuma wiki, kabichi na figili ni ndugu wa brokoli na zina vitu vya jamii hiyo, lakini hakuna haki ya kumwahidi mtu matokeo yale yale. La hakika ni kwamba ni chakula chema na cha bei nafuu. Zikatwekatwe, ziachwe muda mfupi, kisha zipikwe kidogo tu, kwa kuwa kuchemsha mno huharibu kile kinachoizalisha sulforafani.

Kazi ya mikeka na vichanja

Katika wilaya ya Kindia, nchini Guinea, vijiji 20 vyenye watu 600 katika uchunguzi vilihusishwa na jaribio ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2005. Vijiji kumi vilifundishwa kuchambua karanga kwa mkono, kuzianika juu ya mikeka badala ya udongo, kuhakikisha zimekauka, kuzitia katika magunia ya katani yapitishayo hewa, kuyaweka juu ya vichanja vya mbao, na kuzuia wadudu. Vijiji kumi vingine viliendelea na desturi yao. Miezi mitano baada ya mavuno, sumu iliyopimwa katika damu ya wale waliofundishwa ilikuwa chini ya nusu ya ile ya wenzao.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Klorofilini, kidonge kimezwacho mara tatu kila siku, ilipunguza alama ya sumu kwa kiasi kinachozidi nusu kidogo. Mikeka, vichanja na mikono ya akina mama wanaochambua karanga ilifanya kazi inayokaribiana na hiyo. Vipimo havikuwa vya aina moja, lakini mwelekeo ni dhahiri. Kidonge hicho mwanachama hana, mkeka anao.

Kiwango kinachoruhusiwa katika nchi za Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo moja ya mahindi au karanga. Maana yake ni miligramu 10 tu katika tani nzima, yaani katika magunia 10 ya kilo 100. Haionekani kwa macho, haina harufu, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka ule wa msiba wa Kenya, sampuli 350 za mahindi na unga kutoka sokoni zilipopimwa, asilimia 55 zilizidi mikrogramu 20 kwa kilo, na asilimia 7 zilizidi 1,000.

Kwa hiyo kila chama kihakikishe yafuatayo:

(a) Mahindi yasipukuchuliwe wala kupokelewa yakiwa mabichi. Unyevu usizidi asilimia 13.5 kwa mahindi. Chama kisicho na kipimo kitumie chupa kavu yenye kifuniko: humo itiwe chumvi kavu vijiko viwili au vitatu, na mahindi mpaka theluthi ya chupa, kisha itikiswe vizuri na iachwe itulie. Chumvi ikigandama kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi yarudi juani. Isipogandama, bado yafaa kuanika zaidi, maana kipimo hiki hakifikii 13.5.

(b) Uanikaji uwe juu ya turubai, mkeka au sakafu safi, si juu ya udongo, kwani ukungu huo hukaa udongoni.

(c) Magunia yapangwe juu ya vichanja, mbali na ukuta, na paa linalovuja lizibwe kabla ya mavuno, si baada ya mvua ya kwanza.

(d) Punje zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu au zilizobadilika rangi zichambuliwe, kwa kuwa sumu nyingi hukusanyika katika punje chache.

Punje zilizokataliwa zinakwenda wapi?

Swali hili ndilo gumu kuliko yote. Na ichukuliwe kwa mfano kwamba chama kina wanachama 40, kila mmoja ameleta magunia matano ya karanga ya kilo 50. Jumla ni kilo 10,000. Bei ikiwa shilingi 2,000 kwa kilo, mali yote ni shilingi 20,000,000. Uchambuzi ukitoa kilo mbili katika kila gunia, chama hupoteza kilo 400, yaani shilingi 800,000, na kila mwanachama shilingi 20,000. Yaonekana ni hasara. Lakini mnunuzi akipima na kuukataa mzigo wote, zilizokwama ni shilingi 20,000,000.

Hesabu hiyo kila mweka hazina anaweza kuifanya. Iliyo ngumu zaidi ni ya zile kilo 400. Aghalabu hazitupwi. Mwenye nazo huzirudisha nyumbani, zikatwangwa kuwa kiungo cha mboga, zikatiwa katika uji wa mtoto, zikauzwa kwa bei ndogo kwa asiye na uwezo, zikapikiwa pombe, au zikakamuliwa mafuta na mashudu yake akapewa ng'ombe. Ng'ombe akila sumu hiyo, sehemu yake hugeuka na kutoka katika maziwa. Hivyo kadiri chama kinavyochambua vizuri kwa ajili ya mnunuzi, ndivyo sumu inavyozidi kukusanyika katika kapu linalorudi kijijini. Chama kinachouza karanga safi mjini na kuacha chafu ziliwe na watoto wa wanachama wake hakijatimiza ushirika; kimehamisha sumu tu.

Dawa ya jambo hili ni uamuzi wa mkutano mkuu. Punje zilizochambuliwa zipimwe, ziandikwe katika daftari lake zenyewe kwa jina la mwanachama, zikae chini ya kufuli, kisha ziteketezwe au zifukiwe mbele ya wajumbe wa kamati na bwana shamba. Mkutano uamue pia kama hasara itabebwa na kila mtu peke yake, au kama kila mwanachama atakatwa kiasi kidogo kwa kilo ili mwenye kupeleka punje zake motoni apate fidia. Njia ya pili yaelekea kufaa zaidi, maana mtu maskini haombwi kuchoma chakula chake bure. Akiombwa hivyo, usiku atarudi kukichukua.

Muhtasari

Ini ni mlinzi hodari, nayo mimea huweza kumwongezea nguvu. Lakini mlinzi hata akiongezewa nguvu huchoka, ikiwa lango limeachwa wazi kila siku. Mboga za majani, maharage na dagaa viwe katika mlo. Watoto wapate chanjo. Wauza dawa za kusafisha ini waulizwe ushahidi. Juu ya yote, mahindi na karanga zikauke, zichambuliwe, na mbaya zisiliwe na mtu wala mnyama.

Maswali ya kujadiliana

1. Elezeni kwa maneno yenu kwa nini aflatoksini huwa kali zaidi baada ya kupita hatua ya kwanza ya kazi ya ini.
2. Ni mambo gani yaliyopunguza saratani ya ini Qidong, na lipi kati yake laweza kufanyika katika kijiji chenu?
3. Mtu akija kuuza dawa ya kusafisha ini, kikundi kimuulize maswali gani?
4. Msimu uliopita chama chenu kilikataa kilo ngapi mizanini? Zilikwenda wapi, na nani aliziandika?
5. Tungeni pendekezo moja la kupeleka kwenye mkutano mkuu kuhusu fidia ya punje zilizoteketezwa. Onyesheni hesabu yake.